Njoki Asiulizwe Anaenda Wapi

Ijumaa niliyorudisha funguo za ofisi, Faith, msichana aliyechukua dawati langu, alinifuata hadi kwenye ngazi akiwa bado ameshika kipande cha keki.

"Mathe Cherono, kabla uende," akasema. "Mtu akiingia pale aseme anataka wosia, wewe hujua aje ni gani inamfaa?"

Nikamwambia jibu lake haliwezi kumalizikia kwenye ngazi. Akacheka, akadhani namkwepa. Sikuwa namkwepa. Jibu fupi nilifundishwa mwaka wangu wa kwanza kazini, na nikalijua kama jina langu, na bado mwanamke mmoja wa Elburgon alipoteza nyumba mikononi mwangu. Kwa hivyo, Faith, nimekaa hapa kwangu Rongai, ng'ombe wameshakamuliwa, nakuandikia jibu refu. Ukimaliza kulisoma uwapitishie wenzako, hata yule anayesema hasomi kitu kisichokuwa kwenye simu.

Sitawachosha na habari za vyeo. Niliingia nikiwa karani wa wakili, na nimetoka karani wa wakili. Katikati niliongezewa kiti chenye magurudumu, na kwa ukweli kile kiti nilikipenda.

Siku ya kwanza nilikuja na cheti cha kupiga taipu na viatu vya dada yangu, vilivyonibana. Ofisi ilikuwa palepale ilipo sasa, Nakuru mjini, ghorofa ya kwanza, isipokuwa chini kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, kwa hivyo kila karatasi yetu ilinukia rangi ya mafuta. Mlango wa pili kulikuwa na hoteli ndogo ya chai, na hiyo hadi leo ipo, ingawa imebadilisha wenyewe mara nne. Wakili wetu alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatumia mahakamani. Aliyetuendesha sisi alikuwa karani mkuu, Ezekieli, mzee mwembamba aliyevaa koti la kijivu kama la fundi na penseli mbili, moja nyuma ya kila sikio. Sikuwahi kumwona akitumia ile ya kushoto.

Nilidhani atanionyesha mashine ya taipu. Akanipa sindano. Siku hizo kila wosia ulishonwa kwa utepe wa kijani upande wa kushoto, fundo likawekwa lakiri, ili mtu asije akachomoa ukurasa na kuingiza mwingine. Nilishona wa kwanza, nikampelekea kifua mbele. Ezekieli akaushika kwa vidole viwili, akautikisa, ukurasa wa tatu ukadondoka sakafuni. Akaangalia ule ukurasa, akaniangalia mimi.

"Hapo umemtoa mtoto mmoja kwenye urithi," akasema. "Fumua."

Nilifumua na kushona hadi saa ya chakula. Sindano ile alinipa alipostaafu, na ninayo. Nyinyi mna mashine ya kupiga pini, na ni sawa, lakini zitikiseni hizo karatasi kwanza.

Mambo mengine nilijifunza kwa kukemewa. Wosia haukufutwafutwa. Ukikosea herufi moja kwenye mstari wa mwisho, ukurasa mzima unaanza upya, na siku ya mvua umeme ukipotea unasogeza meza dirishani. Jina la mtu liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha yale mengine yote anayoitwa, maana mzee anaweza kuwa Yohana kanisani, jina lingine kwenye hati ya shamba, na Baba Fulani kwa kila anayemdai kuku. Shamba liandikwe kwa namba yake, si "lile la karibu na shule", kwa sababu shule huongezeka.

Halafu mashahidi. Hapa ndipo Ezekieli alipokuwa na dini yake. Wosia wa kuandikwa unataka mashahidi wawili wamwone mwenyewe akiweka sahihi au dole gumba, na shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu ndani yake, la sivyo anaweza kukosa alichoachiwa. Sheria inaishia hapo. Ezekieli alienda mbele zaidi: hakutaka mrithi hata awe chumbani, ili baadaye mtu asije akasema mzee alikonyezwa. Lakini utamwambiaje mtoto aliyemshika baba yake mkono kutoka Subukia atoke nje? Ezekieli hakuwaambia watoke. Alifungua mlango, akasimama kama mwenye hoteli, akatangaza: "Wanaopokea, chai iko chini. Wasiopokea, kalamu iko hapa."

Watu waliteremka wakitabasamu. Na ilikuwa raha kukaa dirishani kuwatazama wakihesabiana pale chini, nani ameteremshwa na nani hakuteremshwa. Bibi mmoja alipoona dada ya mumewe anamfuata kwenye ngazi, alirudi juu akataka maelezo.

Sasa lile jibu fupi. Ezekieli alikuwa na maswali matatu, na aliyauliza kwa mpangilio huohuo hata kama mteja alikuwa jaji: Ana nani? Ana nini? Ana muda gani?

Ana nani: wake wangapi, watoto wangapi, na wale wasiotajwa mezani. Mzee mmoja alinihesabia watoto saba, mkewe akiwa kando yake. Mke alipoteremka chai, wakawa tisa. Ana nini: kilicho chake peke yake, na kilicho kwa majina mawili, maana huwezi kuachia mtu kitu cha mwenzako. Ana muda gani: hili ndilo linaloamua kama ni wosia wa mdomo au wa karatasi. Mtu mzima wa afya aandike. Mtu aliye kitandani, pumzi zinahesabika, anaweza kusema tu mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na maneno yake yana nguvu sawa na karatasi, ila kwa miezi mitatu. Akiishi kupita hapo, maneno yale hayana kazi tena mbele ya sheria. Ni kama hakusema.

Kwa maswali hayo nimewavusha wengi. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Free Area na mkewe walikuja wamevaa vitambaa vya aina moja, wakitaka wosia mmoja wa pamoja. Wosia wa pamoja unapendeza kama hiyo nguo ya sare, lakini mmoja akifa, yule mwingine anaweza kubaki amefungwa na makubaliano ya miaka ishirini iliyopita. Niliwaandikia miwili, kila mtu wake, yenye maneno yanayofanana. Mwalimu alinuna kidogo. Mkewe aliniaga kwa mikono miwili.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mahindi wa hapa Rongai aliyebadilisha wosia kila alipokosana na mtoto. Msimu wa mavuno tulimtarajia kama mvua. Wa sita alipoukataa, nilimwambia, "Mzee, si uwaite tu mkae chini muongee?" Akaniambia kuandika ni rahisi. Na mjane wa kiume aliyeoa tena hakujua kwamba ndoa mpya inaufuta wosia wa zamani, mpaka nilipomwuliza kuhusu pete. Basi hao wote walipona.

Mzee Kimotho alinijia mwaka wangu wa nne. Kwa kweli aliyekuja alikuwa binti yake, Njoki, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, sweta ya shule ya mtu mwingine mabegani. Baba yake alikuwa amelazwa hospitali ya hapo Nakuru kwa kifua. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Elburgon tangu ujana, na vumbi la mbao halikumwacha. Daktari alikuwa ameiambia familia wajiandae, na mzee alikuwa anaita mtu wa sheria. Wakili alikuwa mahakamani. Ezekieli akanitazama, akasema, "Maswali matatu. Nenda."

Nilienda mbio na daftari tu. Kitandani nilikuta mzee mkubwa wa mifupa, mkono wa kulia umekosa vidole viwili, na wazee wawili wa kanisa lake wamekaa upande mmoja na kofia magotini. Ana nani: mkewe alishakufa, wana wawili, Samueli na mdogo wake, na Njoki ambaye hakuolewa na ndiye aliyemwuguza mama na sasa baba. Ana nini: shamba la ekari tatu na nyumba ya mbao aliyoijenga mwenyewe. Ana muda gani: nilimsikia anavyovuta pumzi, nikajijibu. Huu ni wosia wa mdomo. Mashahidi wawili wapo na hawapokei kitu. Nilimwomba Njoki atoke akatafute chai, nikajiona karani kamili.

Mzee alisema polepole. Sehemu ya juu, ya barabarani, Samueli. Sehemu ya chini, ya mtoni, mdogo wake. Nyumba na bustani inayoizunguka, Njoki. Akapumzika. Kisha akaongeza maneno ambayo niliyaandika yalivyo, na sijahitaji daftari kuyakumbuka.

"Njoki asiulizwe na mtu anaenda wapi."

Wazee wawili wakaitikia. Nilirudi ofisini natembea kama sikanyagi chini.

Na Mzee Kimotho akapona. Baada ya wiki mbili alikuwa anagombana na wauguzi kuhusu uji, na ya tatu akarudi Elburgon. Ezekieli hakufurahi kama nilivyofurahi mimi. Alifungua shajara ya ofisi, akahesabu miezi mitatu tangu siku ile, akazungushia tarehe kwa penseli ya kulia. "Kabla ya hapa," akasema, "awe ameweka dole kwenye karatasi."

Niliuchapa wosia wake neno kwa neno, na wiki ya kumi na moja nikaupeleka mwenyewe. Elburgon ilikuwa na ukungu, misumeno inalia, malori ya magogo yamejipanga barabarani. Nyumba yao ningeitambua bila kuonyeshwa. Kila ubao ulikuwa umerandwa, hata wa jikoni, na mlango ulifungwa kwa sauti ndogo kama kifuniko cha sanduku zuri. Wale wazee wawili walikuwa wameitwa, wapo sebuleni. Njoki alileta chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, kisha akatoka bila kuambiwa. Nilitoa faili yangu, nikaweka kidau cha wino mezani, nikaeleza habari ya miezi mitatu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Msichana wangu, wewe ulikuwa pale hospitali?"

"Nilikuwa, mzee."

"Hawa wazee walikuwa?"

"Walikuwa."

"Walinisikia?"

"Walikusikia."

"Sasa nikiweka kidole hapo leo, nitakuwa nasema nini juu yao? Si nitakuwa nasema hawa ni watu wa kusahau? Ama ni watu wa kudanganya?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananifundisha. "Kwetu mzee akisema mbele ya wazee, amesema. Mambo ya kuandika ni ya watu hawaaminiani. Kunywa chai, itapoa."

Niliwatazama wale wazee wawili. Mmoja alikuwa anaangalia kikombe chake. Mwingine, Mzee Haruni, alikuwa ameketi wima, na nikaona uso wake umetulia kwa heshima aliyopewa mbele ya mgeni. Nilijua nilichotakiwa kusema. Lakini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mgeni, ndani ya nyumba ya mtu, na kikombe mkononi. Kwetu pia, msichana habishani na wazee watatu wakati wa chai. Nikafunika kidau cha wino, nikala viazi, nikaaga. Njoki alinisindikiza hadi barabarani. Aliniuliza kama mambo yameenda sawa, nikamwambia baba yake ana msimamo. Alicheka, akasema ndiyo, huyo ndiye baba.

Ezekieli aliposikia alitoa penseli ya sikio la kulia, akaiweka mezani.

"Umeheshimu wazee watatu," akasema. "Njoki ulimheshimu na nini?"

Akaendelea kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi. "Ulianza na mwenye mali. Ungeanza na mashahidi. Ungeenda kwa huyo Haruni mapema, umwambie, mzee, wewe una umri, ukitangulia kabla ya Kimotho, maneno yake utayaacha na nani? Yeye mwenyewe angeenda kumwomba Kimotho aandike. Karatasi haikuja kuwapinga. Ilikuja kuwapumzisha." Alipanga turudi pamoja wiki ijayo. Wiki hiyo barabara ilikatika kwa mvua, na ile nyingine Ezekieli alikuwa na kesi Naivasha na wakili. Siku aliyoizungushia penseli ikapita.

Mzee Kimotho alikufa siku kumi na tisa baadaye, ameketi kwenye kiti chake, mchana, redio inaongea.

Nilienda mazishi. Samueli alizungumza vizuri. Alisema baba aliacha maneno yake, na wao ni watoto wa kuheshimu maneno. "Njoki ni dada yetu," akasema. "Nani atamfukuza?" Watu wakaitikia amina, nami nikaitikia kwa sauti. Nilitaka sana iwe hivyo.

Walipokwenda mahakamani kuomba mali igawanywe, wazee wawili walisimama wakasema walichosikia, bila kupotoka hata neno. Hakimu aliwasikiliza kwa adabu, kisha akauliza tarehe. Daftari langu lilikuwa na tarehe. Nililiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Mzee Haruni aliposhuka kizimbani alinipita bila kuniona. Alikuwa anatikisa kichwa, anarudia, "Lakini alisema. Lakini si alisema?"

Basi wakahesabiwa kama watu ambao baba yao hakuacha wosia, kila mtoto sehemu sawa. Njoki alipata haki yake, sitasema uongo. Alipata ekari yake kule chini mtoni, ambako maji husimama kuanzia mwezi wa nne mpaka wa nane. Nyumba ilianguka upande wa Samueli. Samueli hakuwa mtu mbaya, na hilo mlishike, kwa sababu mtangoja miaka mingi mkutane na mtu mbaya, na mtasahau kujikinga na wa kawaida. Alimwacha akae. Akakaa mwaka, akakaa wa pili. Kisha kijana wa Samueli akataka kuoa, na nyumba ikahitajika. Siku moja baada ya ibada, mke wa Samueli akamwuliza kwa sauti nzuri kabisa, "Sasa Njoki, wewe umepanga kwenda wapi?"

Nilijua hayo kwa sababu Njoki mwenyewe alikuja kunisimulia. Alikuja kuchukua hati yake ya ile ekari, ana begi moja na mkeka. Alikuwa amekodisha lile shamba kwa mtu wa mboga na kupata kazi ya jikoni kwa watu, Free Area, kulala humohumo. Hakunilaumu. Nilimngojea anilaumu, hakunilaumu. Alisema, "Ulikuja mpaka nyumbani. Wengine hawangekuja." Nilienda msalani nikalia, nikanawa uso, nikarudi nikampigia muhuri hati yake.

Wakati ule marehemu mume wangu na mimi tulikuwa na hiki kiploti cha Rongai, ng'ombe wawili, na vyumba viwili nyuma ambavyo havikuwa na mtu. Tulikuwa tunashinda Nakuru kazini. Nilimwambia Njoki ninahitaji mtu wa kuangalia nyumba. Ilikuwa kweli, na haikuwa sababu. Alikuja mwezi uliofuata. Vyumba vile viwili vilikuwa vya mabati. Ndani ya mwaka alikuwa ameviwekea dari ya mbao alizopeleka zikarandwa, na mlango wake ukawa unafungwa kwa ile sauti ndogo. Wanangu wawili wamekua wakimwita Anti. Amezeeka hapa, nami nimezeeka naye. Jioni tunakaa barazani, nikimweleza mambo ya kazini, bila majina, na anayopenda kusikia tena na tena ni yale ya Ezekieli mlangoni. Akimwona jirani amevaa vizuri siku ya kazi, huniambia, "Huyo ameitwa chai."

Kazini sikurudia kosa lile. Nikiona mzee mwenye msimamo naanza na mashahidi wake. Nikipata mtu wa kitandani namwandikia palepale na kidau cha wino hakikosi mkobani, na kama karatasi haiwezekani, nasikiliza maneno yake kisha nazungushia tarehe kwenye shajara na kwenda mwenyewe kabla haijafika, mvua au jua. Siku hizi mnaletewa video za simu. Kijana anasema juu ya baba yake, "Mathe, si buda ameongea hapa, tume-record." Zikubalini, zitazameni, zinaonyesha mtu alisema nini. Lakini mwulizeni tarehe. Simu haijaongeza mwezi wa nne.

Na sasa aibu yangu. Miaka yote hiyo, mimi mwenyewe sikuwa na wosia. Fundi viatu ndiye anayetembea na viatu vilivyotoboka. Kila nilipofikiria nilijiambia wanangu ni watoto wazuri. Siku nilipopaki vitu vyangu vya mezani niliikuta ile shajara ya zamani, penseli ya Ezekieli bado inaonekana imezunguka ile tarehe, na nikakaa chini.

Jumapili baada ya kustaafu niliwaita wanangu chakula cha mchana. Nikawaambia ploti ni yao wote wawili, lakini vile vyumba viwili na bustani ya mboga vitakuwa vya Njoki kukaa maisha yake yote, na baada yake ndipo virudi kwao. Mtu anaweza kuandika hivyo, Faith. Si lazima umpe mtu ardhi ili umpe mahali.

Kiptoo, mkubwa, akatabasamu. "Mum, hiyo si ya kuandika. Anti Njoki ni wetu. Nani atamfukuza?"

Nikamwambia, "Hivyo ndivyo Samueli alivyosema." Nikamsimulia yote. Njoki alikuwa kwenye ng'ombe, hakusikia. Kiptoo aliacha kula. Akasema, "Basi andika, Mum. Andika tu."

Hapa ndipo unapoingia wewe, Faith, na nadhani kuna jambo hukuelewa siku ile. Nilirudi ofisini wiki tatu baada ya kuondoka, safari hii kama mteja, na niliketi kwenye kile kiti kigumu cha wateja ambacho miaka yote sikujua ni kigumu hivyo. Uliniuliza maswali matatu. Ulinichapia vizuri. Uliniambia tu kwamba maneno ya mwisho kwenye kifungu cha nne si lugha ya wosia, tuyaondoe, nikakuambia yaache.

Siku ya kuweka sahihi nilikuwa nimemwomba Njoki anisindikize. Sikumwambia zaidi ya hapo, na yeye akajijibu. Alivaa nguo ya kanisani. Ulipomwita mama wa duka la fotokopi kuwa shahidi, Njoki alidhani ni zamu yake pia. Alivuta kiti hadi mezani, akatoa kitambulisho mkobani, akakipangusa kwa leso, na kuchukua kalamu.

"Niweke wapi?" akakuuliza.

Wewe ulinitazama. Ulikuwa umesoma kifungu cha nne.

Nikamwambia, "Njoki. Wewe teremka chini ukanywe chai."

Akanitazama kama mtu aliyetaniwa mahali pasipofaa. "Chai?"

"Chai. Na mandazi kama yapo."

Kalamu ikabaki mkononi mwake. Miaka yote ile barazani alikuwa amecheka maneno hayo. Akaitazama karatasi, akanitazama, na akairudisha kalamu mezani polepole, akiielekeza sawasawa na ukingo wa meza kama baba yake angeelekeza ubao. Akakirudisha kitambulisho mkobani. Alishuka zile ngazi ameshika ukuta, nami nikasikia kila hatua.

Niliweka sahihi. Wewe na mama wa fotokopi mkaweka zenu. Nilitikisa karatasi, hakuna ukurasa uliodondoka. Kifungu cha nne nakiandika hapa ili mkijue: Njoki binti Kimotho akae katika vyumba hivyo maisha yake yote, na asiulizwe na mtu anaenda wapi.

Nilimkuta meza ya pembeni, chai haijaguswa, imeota utando juu. Macho yalikuwa mekundu, na leso ameikunja ndogo kabisa kiganjani. Nikaketi mbele yake. Hatukuangaliana. Kijana wa hoteli akaja na kitambaa begani, akaona chai imepoa na mikoba iko magotini.

"Mathe, mnaenda, ama niwaongezee?"

Njoki akaweka mkoba wake chini, kando ya kiti.

"Ongeza," akasema. "Hatuendi mahali."